Hesabu ya Mia kwa Duka Lisilo na Mlango

Magoti ya dada yangu ndiyo yaliyotupeleka mtandaoni. Wenzetu wanaingia mtandaoni kwa ajili ya maendeleo, sisi tuliingia kwa ajili ya magoti.

Duka letu ni la makufuli, vitasa na kuchonga funguo. Liko ghorofani, juu ya muuza viatu, na lina ngazi ishirini na sita. Idadi naijua vizuri kwa sababu kila asubuhi dada alikuwa akizitukana moja moja akipanda. Marehemu baba alilianzisha duka, dada akalirithi, na mimi nikarithiwa humo humo pamoja na jiliwa la kubania vyuma lililofungwa mezani. Nina diploma ya ufundi mitambo, nimeitundika ukutani chini ya kalenda ya mwaka juzi. Kazi yangu ni kuchonga funguo. Na kuhesabu.

Hiyo ya kuhesabu ngoja nikueleze, maana bila hiyo hadithi hii hutaielewa. Dada hakubali kufuli liingie kwenye rafu yake kabla hajajaribu kulifungua bila ufunguo. Aje muuzaji na katoni, aseme hili la chuma cha pua, hili lina dhamana, dada anamwambia, "Kaa, baba." Anachukua kufuli moja, analibana kwenye jiliwa, anachomoa pini kwenye nywele, kisha ananitazama mimi. Nami naanza: moja, mbili, tatu. Nikifika mia kufuli halijafunguka, dada anasema, "Weka kwenye rafu." Likifunguka kabla ya mia, halitupwi wala halitukanwi. Dada anachukua kikaratasi, anaandika sababu, kufuli linarudi kwa mwenyewe pamoja na kikaratasi chake. Akirekebisha akirudi, tunahesabu upya toka moja. Makampuni mawili yamebadilisha makufuli yao kwa sababu ya vikaratasi vya dada. Moja lilituma kalenda ya shukrani. Ndiyo hiyo ya mwaka juzi.

Sasa magoti. Daktari aliyapiga picha, akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema, "Mama, kusimama kutwa basi. Ngazi basi."

"Nami nifanye nini?"

"Pumzika tu."

Dada alirudi nyumbani kama aliyeambiwa amekufa, ila hajapewa cheti. Kupumzika anakujua kwa mfano mmoja tu: jirani yake, mwalimu mstaafu, anayeshinda mbele ya televisheni akitazama tamthilia, mpaka sasa anagombana na waigizaji. Juzi aliacha kula siku nzima kwa sababu mtu fulani kwenye tamthilia kamwacha mkewe.

"Nitakuwa vile," dada akaniambia. "Mdogo wangu, miaka arobaini nimefungua makufuli ya watu, leo niende nikalie mapenzi ya watu nisiowajua?"

Nilitaka kufanya mzaha, ulimi ukakataa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni dalili mbaya kabisa.

Aliyeleta njia ni mpwa wangu, binti yake huyo huyo dada. Anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi yenye viyoyozi na mashine ya kahawa. "Mama," akasema, "duka tulipeleke mtandaoni. Wewe unakaa hapa hapa nyumbani, miguu kwenye stuli. Mteja anachagua kufuli kwenye simu, analipa, oda inakuja kwako, unampigia mjomba, mjomba anafunga kifurushi anapeleka. Ngazi anapanda yeye."

"Ahsante sana kwa kunikumbuka," nikasema.

Dada hakucheka. "Mteja ataacha nini humo?"

"Jina lake, simu yake, mahali anapoishi."

"Na aina ya kitasa alichonunua?"

"Ndiyo."

"Yaani kitu kimoja kitajua nani anakaa wapi na mlango wake umefungwa na nini." Dada akainua kidole. "Hicho ndicho kitu mwizi angeomba apewe siku ya kuzaliwa kwake. Sikatai. Lakini hilo duka la hewani nalo litapita kwenye hesabu kama kufuli lolote. Nikishindwa kuingia, nafanya biashara mpaka nizeeke. Nikiingia, basi, tunafunga kote kote, nakwenda kwa jirani, nikaangalie nani kaachwa leo."

Tukajua hatanii. Dada akishapitisha neno, hata magoti yake yanamtii, sembuse sisi.

Wa kwanza kuja kujaribiwa alikuwa kijana mmoja anayetengeneza maduka ya mtandaoni, jamaa wa muuza viatu. Sisi tulimpa jina la Bwana Suti kwa sababu alipanda zile ngazi na joto lile akiwa na koti, kizibao, na tai. Dada naye alikuwa amejikaza kisabuni kupanda siku hiyo, mara ya mwisho mwisho, maana mitihani haifanyiki nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, baba. Kufuli lako liko wapi?"

"Kufuli?"

"Hilo duka."

"Aa!" Akafungua laptopu yake. "Mama, mfumo wangu huu ni salama asilimia mia. Haudukuliki. Yaani hayupo mtu duniani wa kuudukua."

Dada akanitupia jicho. Katika duka letu, ukisema kufuli lako halifunguki unakuwa umejitakia.

"Mteja akisahau neno lake la siri inakuwaje?" dada akauliza, kwa upole tu, kama anauliza habari za nyumbani.

"Hakuna tabu kabisa! Ananipigia, namtazamia kwenye orodha, namsomea. Dakika moja."

"Orodha gani?"

"Ya maneno ya siri. Ninayo yote hapa."

"Ya wateja wote?"

"Wote!" alisema kwa fahari, meno nje.

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, fundi akichonga funguo za mtaa mzima, halafu akabaki na nakala ya kila mmoja kwenye ndoo yake, bila wenyewe kujua, tunamwita nani?"

"Tunamwita polisi," nikasema.

Bwana Suti akacheka kidogo, akaacha, kisha akaona ubao wetu ukutani. Tuna ubao mkubwa nyuma ya kaunta, umejaa misumari, na kila msumari una ufunguo. "Lakini mama, mbona na nyinyi mnazo za watu pale?"

"Swali zuri," dada akasema, na kweli alifurahi. "Zile ni za akiba, wenyewe wameomba tuwatunzie wakipoteza. Zina namba tu, hazina majina. Daftari la kusema namba ipi ni ya nani lina sanduku lake nyumbani, na sanduku lina kufuli, na kufuli hilo mimi mwenyewe nilishindwa kulifungua kwa hesabu ya mia tatu. Haya, nioneshe unavyoingia kwenye lako."

Jamaa akaingiza neno lake la siri. Alilibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kwenye ile safu ya juu ya vibonye, kutoka kushoto kwenda kulia. Akatuonesha duka la magodoro alilomtengenezea mtu. Zuri kweli, magodoro mpaka unasikia usingizi. Kisha akatoka, akageuza laptopu kwetu.

"Karibu ujaribu, mama." Bado anacheka.

Dada akanitazama. "Moja," nikaanza. "Mbili. Tatu."

Dada hajawahi kugusa laptopu. Lakini macho yake yameshinda miaka arobaini yakitazama watu wanavyozungusha makufuli ya namba huku wakidhani wamejificha. Akanyoosha kidole, akabonyeza kile kibonye cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Nilikuwa nimefika kumi na saba. Magodoro yakafunguka. Safari hii si upande wa mbele, ni wa nyuma: majina ya wateja, simu zao, na nani kanunua godoro la watu wangapi.

Dada akaifunika skrini kwa mtandio wake hapo hapo, kama aliyemkuta mtu anaoga. "Funga, baba. Haya si yangu kuyaona."

Bwana Suti alilowa mpaka kwenye tai. Dada akamwagizia maji, akamwandikia kikaratasi. Nilikisoma kabla hajakikunja: *Moja: kufuli la namba nne zilizofuatana si kufuli. Mbili: usitunze usichopaswa kukijua. Ukirekebisha rudi, nitakuhesabia upya.* Akakipokea kwa mikono miwili, akashuka. Muuza viatu anasema alikaa dukani kwake robo saa nzima kavua viatu, anatazama ukuta.

Mpwa wangu aliposikia alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi nitalitengeneza mimi," akasema. "Lote, toka msingi. Sitatumia kitu cha mtu. Hata sehemu ya kulipia naiandika mwenyewe."

Nilidhani dada atapiga vigelegele. Badala yake akakunja uso.

"Na nani mwingine ameshajaribu kulivunja hilo lako?"

"Hakuna, mama. Litakuwa jipya. Hakuna anayelijua."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Kufuli ninaloliamini mimi ni lile lililokwisha kupigwa nyundo, kuchomekwa pini, kumiminiwa asidi na wezi wa kila aina, na kila wakipata upenyo kiwanda kinaziba. Kufuli lililoundwa wiki jana na mtu mmoja, hata kama mtu huyo nimemnyonyesha mwenyewe, silijui tabia."

Mpwa wangu alinuna. Akanuna siku mbili, akaacha hata kunijibu meseji zangu za vichekesho, ambazo ni nzuri. Siku ya tatu akaja na daftari, akakaa kwenye mkeka karibu na stuli ya mama yake.

"Nimefikiri," akasema. "Umesema kweli. Ipo programu ya maduka, inatumiwa na maelfu ya watu. Imeandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma ndani. Watu kazi yao ni kuitafutia upenyo, na wakiupata unazibwa, tunaletewa marekebisho. Nitaweka yaingie yenyewe, yasisubiri mimi nikumbuke."

"Hiyo nimeipenda. Endelea."

"Malipo hatuyagusi. Yanapitia kwa kampuni yenye leseni ya kazi hiyo. Namba ya kadi ya mtu haifiki kwetu hata kwa bahati mbaya."

"Endelea."

"Maneno ya siri ya wateja yanasagwa. Kinachobaki kwetu ni kile kilichosagwa tu. Hata mimi siwezi kuyasoma."

"Kama nyama ya kusaga," nikaingilia. "Huwezi kuirudisha iwe ng'ombe."

"Mjomba, hiyo ni sawa kabisa," akasema, nikavimba kichwa. "Na sisi wenyewe tukiingia kwa nyuma, neno la siri peke yake halitoshi. Zinakuja namba sita kwenye simu, nazo unaziingiza. Ukiiba kimoja bila kingine huingii. Na kila siku nakala ya duka zima inawekwa mahali pengine, likiharibika tunalirudisha."

Dada alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesikiliza sauti ya ndani ya kitasa. "Mteja unamwomba nini?"

Binti akasoma: "Jina, simu, anwani, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa…"

"Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Tunampikia keki?"

Ikafutwa. Na barua pepe nayo ikawa ni kwa anayetaka. Mpaka tunamaliza, orodha ilikuwa imekonda kama mimi enzi za chuo.

Mpwa wangu akafanya kazi wiki tatu. Mimi nikapewa kazi moja tu. Nasema moja tu ili uelewe ukubwa wa aibu yangu. Nipige picha za bidhaa, na moja kubwa ya kuweka ukurasa wa mbele.

Za bidhaa nikazipiga zikatoka vizuri. Ile kubwa nikaamua iwe na heshima. Nikasogeza kaunta, nikafuta vumbi, nikamwomba muuza viatu asimame na simu, kwa sababu yeye ana simu ya maana, ile yenye macho matatu nyuma. Nikasimama nimekunja mikono, tumbo nimelivuta ndani, na nyuma yangu ule ubao wetu wa funguo ukimeta mstari kwa mstari. Picha ikatoka, mwenyewe nikajishangaa. Unaweza kuhesabu nywele za masharubu yangu.

Duka likawekwa tayari, bado halijafunguliwa kwa watu. Tulikuwa tunaliona sisi wanne tu: dada, mpwa wangu, mimi, na mke wangu, ambaye ni mshonaji na ndiye aliyetuchagulia rangi. Dada akatangaza masharti. "Kufuli la chuma nalihesabia mia. Hili la hewani kubwa, nalihesabia saa mia. Kuanzia Jumatatu saa nne asubuhi."

"Inaisha Ijumaa saa nane mchana," nikasema. Diploma ile haikupotea bure.

"Anza kuhesabu," akasema dada, akanyoosha miguu kwenye stuli na simu mkononi.

Siku hizo nne sikulala vizuri, na mchana nilichonga funguo nikaharibu tatu. Jumanne nilipita kumwona, kavaa miwani, anajaribu maneno ya siri: jina la baba, namba ya nyumba, jina la paka. Duka likamfungia kwa muda kwa kukosea mara nyingi. "Lina adabu," akasema, akaridhika. Jumatano alijaribu kununua kufuli kwa kuandika takataka kwenye sehemu ya anwani, kitu mpwa wangu alichomweleza kuwa wezi hufanya. Likakataa. Alhamisi nilimkuta simu ameisogeza karibu kabisa na pua.

"Vipi dada?"

"Hamna. Natazama picha yako. Umependeza."

Na mimi nikaondoka nimefurahi! Mtu mzima!

Ijumaa saa sita mchana, saa ya tisini na nane, nikafunga duka nikaenda kula nyumbani. Mke wangu tulikutana mlangoni, naye anatoka kwenye cherehani yake. Nikafungua mlango wa mbele, tukaingia tukizungumza. Mezani palikuwa na sahani. Nyuma ya sahani alikuwa dada yangu, miguu yote miwili kwenye kiti changu, anamalizia wali wangu wa jana.

"Karibuni," akasema.

"Wifi!" mke wangu akaruka. "Umeingiaje?"

"Kwa mlango, wifi. Wa nyuma."

"Ule umefungwa!"

"Ulikuwa."

Akaweka ufunguo juu ya meza. Mpya, unang'aa, bado una unga wa tupa kwenye meno. Kazi safi. Katika kazi ya dada utaona meno yamekaa kama yamepangwa na daktari. Nikautazama, nikamtazama yeye, sikuelewa kitu.

Akatoa simu. Picha yangu ya ukurasa wa mbele. Akaweka vidole viwili kwenye skrini, akaitanua. Uso wangu ukapita, sikio likapita, bega likapita, ukaja ubao. Akatanua tena. Msumari mmoja, ufunguo mmoja, umelala ubavu vizuri, kila jino linaonekana, kimo chake na bonde lake. Na chini yake kikaratasi. Funguo zote za wateja zilikuwa na namba. Huu wangu, kwa kuwa ni wangu na mimi najijua, niliuandikia kwa kalamu ya wino: *Kwangu, mlango wa nyuma.*

"Nimechukua tupa za baba," dada akasema, "na ufunguo mmoja usiochongwa. Nimekaa kitini muda wote, daktari asinune. Ulikataa mara ya kwanza, nikaugusa kidogo jino la tatu."

Mke wangu alinigeukia polepole. "Na wewe ndiye fundi funguo wa mtaa huu."

"Mwenye diploma," dada akaongezea.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema hata msibani, nilinywea. Si kwa sababu ya wali. Nilikuwa nimekumbuka sharti: akiingia, tunafunga kote kote. Nikampigia mpwa wangu, akaja mbio kutoka ofisini na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Tukamweleza. Akakaa chini.

"Lakini mama, hukuingia dukani," akasema, sauti ndogo. "Umeingia kwa mjomba."

"Nimeingia kupitia dukani kwangu. Picha hii ingetoka Jumamosi, dunia nzima ingeuona ubao ule. Leo kwa huyu, kesho kwa wengine. Namba zinaficha majina, hazifichi meno."

Dada alikuwa anatazama magoti yake. Nikamwona anayasugua, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, nikajua naye hataki. Alikuwa amefunga sharti kwa mkono wake na sasa limembana yeye mwenyewe.

Ndipo ulimi wangu ukarudi. "Dada," nikasema, "kufuli likishindwa kwenye hesabu, sisi huwa tunafanyaje?"

Akaacha kuyasugua.

"Tunalitupa?"

"Hatulitupi."

"Tunamfukuza muuzaji?"

"Hatumfukuzi." Alianza kunikodolea macho.

"Basi mimi naomba kikaratasi changu."

Mke wangu akawa wa kwanza kucheka. Dada alijizuia, akajizuia, mdomo ukamshinda. Akatoa kalamu kwenye mtandio, akararua ukingo wa karatasi ya oda ya cherehani, akaandika, akanikabidhi. Ninacho mpaka leo, nimekitundika chini ya diploma: *Kufuli ni zima. Kasoro ni mpigwa picha. Ukirekebisha rudi, nitakuhesabia upya.*

Tulirekebisha Jumamosi nzima. Picha yangu iliondolewa, masharubu na vyote, tukaweka ya mikono ya dada imeshika kufuli. Ubao wa funguo ukateremshwa ukutani; kila ufunguo ukaingia kwenye sanduku la chuma, na wenye funguo wakapigiwa simu waje wachukue kama wanataka. Wengi walikuja. Kitasa changu cha nyuma peke yake ndicho ambacho hakikuguswa, maana nilisema nitakibadilisha kesho. Nina kesho nyingi sana.

Jumatatu saa nne tukaanza tena. Moja.

Safari hii dada alikuja kwa nguvu. Maneno ya siri alijaribu, picha alizikagua moja moja kwa miwani miwili. Jumatano nikapokea simu, namba ngeni, sauti ya kike nyembamba imebanwa puani, ikikohoa kidogo: "Mjomba, shikamoo, ni mimi mpwa wako, simu yangu imezima chaji. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee haraka, duka linataka kuharibika!"

Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Marahaba mpwa wangu," nikasema. "Lakini mpwa wangu akitaka kitu toka kwenye mfumo anakuja mwenyewe. Halafu hana kikohozi hicho, dada."

Kisha nikasikia kicheko kile cha kutoka tumboni, na nyuma yake sauti ya jirani mstaafu: "Kakugundua? Nilikwambia ubane zaidi!" Kumbe simu ilikuwa ya mwalimu, na neno langu la siri dada alilinasa kwa macho siku aliponiona nikilibonyeza; zilimkwamisha zile namba sita tu. Alikuwa ameacha tamthilia siku tatu, anamsaidia dada kutuvamia.

Ijumaa saa nane kasoro, tulikuwa wote sebuleni kwa dada. Dada ana simu mkononi na stuli chini ya miguu. Mpwa wangu anauma kucha. Saa ya ukutani ikagonga.

"Mia," nikasema.

Dada akaiweka simu mapajani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia.

"Weka kwenye rafu," akasema.

Mpwa wangu akabonyeza, duka likafunguka kwa watu wote. Tukakumbatiana, mwalimu mstaafu akalia kama kwenye tamthilia yake. Hata dakika kumi hazijapita, simu ya dada ikalia. Oda ya kwanza! Tukamzunguka. Dada akasoma kwa sauti:

"Kitasa kimoja cha mlango wa nyuma. Kile kigumu kuliko vyote." Akasogeza miwani. "Maelezo kwa fundi: akifunge leo, si kesho. Funguo ziwe mbili, na zote nipewe mimi."

Akaangalia anwani, akaniangalia mimi. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa chumba, anaweka simu yake ndani ya mkoba, uso mkavu kabisa.

Nilikifunga siku hiyo hiyo. Dada anafanya biashara mpaka sasa, miguu juu, na wauza makufuli siku hizi wanamfuata sebuleni. Nilimtengenezea meza ya chini yenye jiliwa, anawahesabia akiwa amekaa. Bwana Suti naye alirudi bila koti, neno lake la siri akalificha kwa mkono mzima. Alifika mia.

Mimi nikirudi nyumbani mchana nabisha hodi mlango wa nyuma, maana ufunguo sina. Nikisimama hapo na kapu langu, namsikia mke wangu ndani anavuta kiti, anakaa, anaanza kwa sauti ya taratibu: moja, mbili, tatu.